Kifuniko Kisicho na Kazi

Nakshi alirudishiwa fomu yake mbele ya watu kumi na mmoja, na wote hawakuwa na kingine cha kutazama.

Afisa msajili, mwanamke mwenye sauti ya upole na muhuri mkubwa, hakuwa na nia mbaya. Aliisoma fomu kwa sauti ili mwenyewe aone kosa liko wapi. Bahati mbaya upole wa sauti ile ulikuwa unafika hadi benchi la mwisho.

"Umeandika hapa kwamba pambo la kifuniko hiki linazuia kidole kisiteleze, linatunza joto la chai, linaongeza heshima ya mgeni, na linafukuza nzi. Linafukuza nzi vipi, fundi?"

"Nzi akiona yale majani yalivyochongwa, anadhani..." alianza Nakshi, kisha akasikia mtu akicheka nyuma yake, akaamua kuwaacha nzi na dhana zao.

Afisa akamweleza taratibu. Dirisha lile lilisajili mapambo tu, yaani umbo la kutazamwa. Kufunika kikombe ni kazi ya kifuniko, na pambo lililoko juu yake linakaa pale linapendeza, basi. Likionekana lina kazi, hata moja tu, si pambo tena, na mwenyewe anatakiwa apande ghorofa ya pili kwa wahandisi. Huko ghorofa ya pili, afisa alisema huku akitazama darini kwa huruma, watu huingia na nywele nyeusi wakatoka na mvi. Kwa hiyo arudi nyumbani, aandike fomu upya, na pale palipoulizwa kazi ya pambo ajibu kwamba halina. Tena aje na shahidi mmoja aliyekuwapo tangu patasi ya kwanza hadi msasa wa mwisho.

"Niandike kwamba halina kazi?" aliuliza Nakshi.

"Halina kazi yoyote," alisema afisa, akapigia mstari mahali pa kuandika.

Nakshi alikunja karatasi yake akatoka, na masikio yake yalikuwa yakiwaka moto. Miaka yote aliyokuwa akichonga vichwa vya vitanda, milango na migongo ya viti, watu walikuwa wakimwambia jambo lilelile bure, bila muhuri. Sasa alitakiwa alitie sahihi.

Na asingeweza kukataa. Ilikuwa miezi minane hajapata kazi, tangu watu walipoanza kununua vitanda vinavyokuja ndani ya maboksi na skurubu zake kwenye kimfuko. Mwanawe wa pekee alikuwa shule ya bweni, na shule ya bweni haijui kungoja. Meneja wa kiwanda cha vikombe alikuwa amekubali kuchukua vifuniko elfu mbili kwa kuanzia, lakini kwa sharti la cheti, maana kitu kisicho na cheti kila mtu atakiiga, na meneja alisema ananunua vifuniko, hanunui ugomvi. Alitoa hadi Ijumaa. Baada ya hapo angemchukua mtu mwingine, mwenye kifuniko cha plastiki chenye picha ya sungura.

Hicho kisungura ndicho kilichomkosesha Nakshi raha njia nzima.

*

Mkewe alikuwa msusi, na ofisi yake ilikuwa baraza la nyumba. Alimsikiliza mumewe huku anamsuka mteja, na ilipofika sehemu ya nzi ikabidi aachie msuko na kushika mbavu zake.

"Mume wangu, na wewe! Nani alikutuma uandike habari za nzi?"

"Niliulizwa linafanya nini. Ningesema linakaa tu?"

"Ndiyo, sema linakaa tu. Sema halina kazi, tupate cheti, mtoto asome."

Kwenye kiti chake cha mikono, pembeni ya mlango, mama mkwe alikuwa anakunywa chai. Alikuwa ameishi nao mwaka wa nne sasa, na kwa muda wote huo hajawahi kusifu kitu chochote kilichotoka mkononi mwa mkwewe. Heshima alimpa, salamu alimpa, hata nyama ya paja alimwachia. Sifa ndiyo alimnyima. Jina lenyewe la Nakshi ni yeye aliyelianzisha, siku alipokamata ufagio akakuta mpini wake umechongwa mzabibu kuanzia juu hadi chini, akauliza kama kuna mtu humu ndani anayeweza kuona mti ulionyooka akauacha salama.

"Wangekuja kuniuliza mimi," alisema sasa bila kugeuka, "ningewaambia hakina kazi, na wala nisingewadai nauli."

Kwa Nakshi lilikuwa neno la kuuma, hasa kwa kuwa kifuniko chenyewe kilitengenezwa kwa ajili ya mama mkwe huyo. Alikuwa amelalamika kwamba nywele za wateja zinapeperuka kutoka barazani na kutua kwenye chai yake, na kwamba hakuzaa msusi ili aje kunywa nywele. Nakshi, ambaye siku hizo mikono ilikuwa inamuwasha kwa kukosa kazi, akaokota kipande cha mbao nyekundu, akakikereza mviringo upana wa kiganja, akakimega kidogo ukingoni pa kuweka mdomo, akakichonga maua. Akampelekea akitegemea ahsante.

Mama mkwe alipitisha dole gumba juu yake mara moja, akakirudisha. "Hiki kimelala."

Cha pili alichonga mti unaotambaa na majani yaliyoinuka. Dole likapita. "Majani yote kimo kimoja. Kiongozi wao yuko wapi?" Nakshi hakulala vizuri siku hiyo, maana kwa kweli lilikuwa neno la mtu anayejua uchongaji. Cha tatu akaweka jani moja kubwa kuliko mengine, upande aliouona unapendeza. "Limepotea njia," alisema mama mkwe. "Jani kubwa linaangalia kwenye mdomo, haliupi mgongo." Na hivyo hivyo, cha nne, cha tano, mpaka cha kumi na moja, ambacho alikisukuma kwa kidole bila hata kukinyanyua. Kuna wakati Nakshi alinuna siku tatu. Alimwambia mkewe kwamba mama yake anamfanyia visa, kwamba mtu hawezi kukataa kifuniko huku macho yake yako barabarani, anakipapasa tu kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni.

Mkewe alimcheka. Mama alikuwa mshonaji miaka thelathini na zaidi, na siku zote kitambaa alikipima hivyo hivyo, kwa dole, huku akiongea na mteja mwingine. Kushona aliacha miaka miwili iliyopita, akisema nyuzi za siku hizi hazina adabu, lakini dole lilikuwa bado kazini.

Cha kumi na mbili kilikuwa na majani saba. Sita madogo yalizunguka ukingo, na la saba kubwa, limeinuka, ncha yake imelenga pale penye pengo la kunywea. Katikati palikuwa na tumba la ua, la kushikia. Mama mkwe alikipapasa mara mbili, akakizungusha, akakiweka juu ya kikombe chake, akanywa. Hakusema kitu. Ila hakukirudisha, na kwa mahesabu ya nyumba ile hiyo ilikuwa sherehe. Mke wa meneja, alipokuja kusukwa, ndipo alipokiona, na mambo yote yakaanzia hapo.

Sasa ikabaki habari ya shahidi. Mkewe asingeweza. Alhamisi alikuwa na bibi harusi mtarajiwa, kichwa cha siku nzima, na bibi harusi hapewi siku nyingine. Isitoshe, wakati wa kuchongwa yeye alikuwa barazani. Aliyekuwapo tangu patasi ya kwanza hadi msasa wa mwisho alikuwa mtu mmoja tu.

Wote wawili walimgeukia mama mkwe. Akasema miguu inamuuma. Akaambiwa ni mwendo mfupi. Akasema ofisi za watu zina feni, na feni zinampa mafua. Mkewe Nakshi akaacha kusuka, akachuchumaa mbele ya mama yake, akamwambia kwa sauti ya chini habari za karo na za Ijumaa.

Kidole cha mama mkwe kililizunguka lile jani kubwa.

"Haya," alisema. "Lakini mkwe asije akanitembeza kama farasi."

Nakshi alishukuru kwa mdomo. Moyoni aliona kesi imekwisha. Alikuwa anampeleka mbele ya serikali mtu ambaye kwa miaka minne hakuwahi kumsemea jema.

*

Alhamisi asubuhi mama mkwe alivaa gauni alilojishonea mwenyewe enzi zake, akachukua mkoba, na walipofika barabarani akashika ncha ya koti la mkwewe. Alisema watu wa siku hizi wanasukuma. Nakshi alitembea akiwa amevutwa koti kwa nyuma na wapita njia wakitabasamu, akajikaza kisabuni. Kila alipokanyaga ukingo wa barabara aliusikia mkono ule unapanda pamoja naye.

Ukumbi wa ofisi ulikuwa na mabenchi, dirisha la afisa, na karibu na mlango picha ya mfanyakazi aliyetabasamu, iliyokatwa kwenye ubao kimo cha mtu mzima, mkono mmoja umenyooshwa kuelekeza foleni. Nakshi alikwenda kuchukua namba. Aliporudi alimkuta mama mkwe amesimama mbele ya ule ubao, shingo imeinuliwa kwa heshima.

"Hujambo, mwanangu," alikuwa anamwambia. "Tumekuja kwa habari ya kifuniko."

Ubao uliendelea kutabasamu.

"Nimekusalimu, mwanangu."

Nakshi alicheka. Alidhani mama mkwe leo kaamua kufanya mzaha, na wazo lenyewe lilimfurahisha. Lakini mama mkwe alimgeukia na uso wake ulikuwa umeumia kweli. Akanong'ona kwamba adabu imekwisha duniani, kijana mzima mwenye tai anaamkiwa na mtu mkubwa halafu ananyamaza.

Kicheko kilimkauka Nakshi mdomoni. Alimtazama mama mkwe, akautazama ubao, ambao hata mtoto wa miaka miwili asingeusalimu. Halafu akampa ile fomu, kichwa chini miguu juu.

"Mama, hebu nitazamie hapa, nimeandika sawasawa?"

Aliishika vilevile ilivyokuwa, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Umeandika vizuri," alisema. "Ila mwandiko wako na wewe, una mapambo mengi."

Nakshi alimwongoza hadi kwenye benchi bila kuonekana anamwongoza, akakaa kando yake, na vifuniko kumi na kimoja vikampita kichwani, kimoja baada ya kingine. Kimelala. Kiongozi wao yuko wapi. Limepotea njia. Miezi yote ile alidhani anabishana na mtu mwenye macho makali kuliko yake, kumbe mwenzake alikuwa gizani anatafuta mahali pa kuweka mdomo asijimwagie chai ya moto kifuani. Ndiyo maana ya jani kubwa. Dole likiligusa, linafuata ncha yake, linafika kwenye pengo. Na nyuzi za siku hizi hazikuwa na kosa lolote.

Nakshi aliona aibu, aibu ya mtu aliyenuna siku tatu. Alimhurumia mama mkwe. Alijua pia kwa nini alificha. Mkewe alikuwa na moyo wa huruma, na huruma yake ilikuwa na nguvu kama polisi. Angejua tu, mama asingeruhusiwa kusogelea jiko, asingekwenda bombani, asingeinuka bila kushikwa kwapani. Mwanamke aliyejilea na kulea kwa cherehani yake angewekwa kwenye kiti, akapigwa marufuku.

Ndipo alipoikumbuka fomu. Pale palipopigiwa mstari alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa na kwa uchungu, kwamba pambo hili halina kazi yoyote. Jana ilikuwa kweli, au yeye alidhani ni kweli. Leo ilikuwa uongo mtupu, na namba yao ikaitwa.

*

Afisa alimkumbuka mara moja, akauliza habari za nzi. Kisha akakichukua kifuniko akakigeuza mkononi, na Nakshi akaona kwamba mwanamke huyu alikuwa anaijua kazi yake. Alihesabu majani. Alilipiga jicho lile la saba.

"Hili mbona kubwa kuliko wenzake?"

Nakshi alifungua mdomo. Akisema ukweli, anapanda ghorofa ya pili, sungura anachukua vifuniko elfu mbili, mtoto anarudishwa nyumbani, na siri ya mama mkwe inamwagwa mbele ya mabenchi yote. Akisema uongo, anaikana kazi moja bora aliyowahi kuifanya katika maisha yake, tena mbele ya mtu inayomfanyia kazi. Kusema uongo kwenyewe hakukuwa kazi ngumu. Alikuwa amewadanganya wateja wangapi kwamba kitanda kitakuwa tayari Jumatatu. Lakini huu ulimkwama.

"Linaelekea kwenye pengo la kunywea," aliendelea afisa, na kalamu yake ilikuwa imesimama hewani. "Ni kwa sababu maalumu?"

Nakshi aliitazama fomu yake.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, "shahidi ni mimi. Mbona huniulizi mimi?"

Afisa akamgeukia kwa adabu, akamwomba radhi, akamuuliza kama alikuwapo kifuniko kilipochongwa na kama pambo lina kazi yoyote.

"Nilikuwapo," alisema mama mkwe, akaukumbatia mkoba wake kama mtu asiye na haraka ya kuondoka. "Huyu bwana ni mkwe wangu. Kamuoa mwanangu, na ugomvi naye sina. Lakini nitakuambia ukweli. Kwangu kuna kigoda alichochonga waridi juu. Ukikaa, ukainuka, umechapwa waridi mahali nisipoweza kupataja hapa. Kuna dirisha alilolitia nakshi mpaka halifungiki, mvua ikija tunafunika kwa gunia. Kanichongea mwiko. Mwanangu, mwiko wenye matobo! Wali unaingia kwenye matobo hautoki. Nimekaa na mtu huyu miaka minne, nangoja siku moja atengeneze kitu chenye kazi. Sasa wewe unaniuliza kama jani hili lina kazi?"

Mabenchi yalikuwa yanacheka waziwazi. Afisa alikuwa amefunika mdomo kwa fomu.

"Kwa nini ni kubwa, basi, mama?"

"Kwa sababu madogo hayakumtosha. Kwani yeye anajua kuacha?" Alinyoosha mkono, dole likalipata lile jani pale mezani, likatulia juu yake. "Hakina kazi kitu hiki. Jani linakaa tu, linapendeza. Andika."

Afisa aliandika huku mabega yanamcheza. Akasogeza karatasi kwa shahidi atie sahihi. Nakshi, haraka kuliko afisa alivyotazamia, akasema mama atatia dole, akakivuta kidau cha wino kilichokuwa mezani na kukiweka pale mkono wa mama mkwe ulipokuwa.

"Mama hodari wa maneno hivi hajui kuandika?" aliuliza afisa kwa mshangao.

"Najua," alisema mama mkwe. "Lakini sahihi zangu zilikwisha kwenye risiti za watu."

Nakshi aliisogeza karatasi sentimita mbili kushoto, hadi mstari ukawa chini ya dole lenye wino. Dole likashuka. Muhuri ukafuata, kishindo kizito, na cheti kikatoka.

*

Nje, juu ya ngazi, mama mkwe alisimama.

"Ziko nne, mama," alisema Nakshi kwa sauti ya chini.

Koti la Nakshi lilivutwa, halafu likaachiwa, halafu mkono ukaja ukamshika kwenye kiwiko, kwa nguvu.

"Umejua lini?"

"Sasa hivi. Pale kwenye picha."

"Ilikuwa picha?" Alifikiri. "Basi nimemkosea kijana wa watu." Wakashuka ngazi ya kwanza, ya pili. "Mwanangu asijue."

Nakshi aliahidi. Alitaka kuongeza maneno, kwamba asamehewe kwa kununa, kwamba kama angejua angelichonga jani la saba tangu kifuniko cha kwanza. Lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kuombwa msamaha barabarani, kwa hiyo walikwenda mkono kiwikoni, na safari hii wapita njia hawakuwa na cha kutabasamia.

Nyumbani, bibi harusi mtarajiwa alikuwa amesukwa nusu kichwa, nusu nyingine imesimama juu. Mkewe alipokiona cheti alikishika kwa ncha za vidole kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta, akakisoma kuanzia juu hadi chini, akarudia. Alitaka kusikia ilikuwaje. Nakshi akasimulia. Alijaribu kusimulia kwa kifupi, lakini habari ile haikuwa ya kufupishwa. Alipofika kwenye kigoda cha waridi, bibi harusi alilia kwa kicheko na mkewe Nakshi akakaa chini kabisa.

"Mama! Umesema hivyo serikalini? Hebu sema tena, ulisemaje?"

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Chai ilikuwa imeletwa, kifuniko kikiwa juu yake, na hakuigusa. Mkewe akarudia swali, akicheka bado.

"Nyamazeni kidogo," alisema mama mkwe.

Mkewe Nakshi akayafuta machozi ya kicheko.

"Nimesema mbele ya watu kwamba kifuniko hiki hakina kazi. Nimetia na dole. Na nilisema vizuri, watu wamefurahi." Akashusha pumzi. "Nimerudi njia nzima neno hilo linanichoma. Katika nyumba hii hakuna kitu chenye kazi kama hiki. Mwaka wa pili huu, mwanangu, sikioni kikombe changu. Sikuoni na wewe. Naona mwanga wa mlango, na mtu akipita naona kivuli chake. Chai nilikuwa najimwagia, nikawa nasema nimeikataa, haina sukari. Tangu kifuniko hiki kije, sijajimwagia hata tone."

Mikono ya msusi ilikuwa imesimama juu ya kichwa cha bibi harusi. Nakshi alimtazama mkewe na kuona anarudi nyuma kimawazo siku kwa siku, chai zote zisizo na sukari, nyuzi zisizo na adabu, mpaka uso ukamvunjika.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu hiyo sauti uliyoitoa sasa hivi. Usije hapa. Maliza kichwa cha mtu."

Mkewe hakumaliza kichwa cha mtu. Alikwenda akapiga magoti akamwekea mama yake kichwa mapajani, mafuta ya nywele yakapaka gauni lote, na mama mkwe akamwacha.

Nakshi alikitazama cheti mkononi mwake. Akasema, na alikuwa anamaanisha, kwamba kesho asubuhi atakirudisha, aende huko ghorofa ya pili akaandike ukweli, hata kama atazeekea huko.

"Ukithubutu nitakufukuza nyumbani kwako," alisema mama mkwe. "Karatasi hiyo ni ya mjukuu wangu, akasome. Serikali iache iamini inavyoamini. Mimi nilitaka ujue wewe."

"Nijue nini, mama?"

Alikuwa akimpapasa mwanawe kichwani, taratibu, kwa dole lile lile, ambalo bado lilikuwa na wino.

"Kwamba unajua kazi, mkwe wangu," alisema.

Miaka minne Nakshi alikuwa ameliwinda neno hilo, kwa mpini wa ufagio, kwa kigoda, kwa dirisha. Sasa amelipata, na angelirudisha lote siku ile ile kama mama mkwe angeweza, kwa kubadilishana, kukiona hata kile kisungura cha plastiki. Alivuta kiti, akakaa upande wa pili wa mama mkwe, na bibi harusi mtarajiwa, nusu ya nywele zake zikiwa bado zimesimama, aliinuka mwenyewe akaenda kuwaletea chai ya moto.